Mama mkwe, maombi na transfoma yangu

Leo mama mkwe amenizimia stima wageni wakiwa njiani, na alikuwa anaomba.

Ngojeni niwaambie.

Upepo umeangusha nyaya na mtaa wetu wote hapa Cedar Hill uko gizani. Sisi tuna sola na betri, kwa hivyo nikajigamba: wakwe watarajiwa waje tu kutoka Houston. Kijana wao anataka kumuoa binti yetu.

Jikoni chapati zinapinduliwa kwenye majiko mawili ya umeme. Mara yote yakazima.

Mke wangu akaniangalia. Mnajua yale macho.

Na betri imejaa.

Sasa, stima ya nyumba za huku huingia kwa pande mbili. Majiko yote yalikuwa upande mmoja, ukazidiwa, ule mwingine umelala. Ndiyo maana nilifunga transfoma, igawe mzigo nusu kwa nusu.

Nikakimbilia gereji. Kimya, na transfoma yangu huwa inavuma.

"Nani ameizima?"

"Ni mimi, Baba Neema," akasema mama mkwe. "Ilikuwa inaningurumia nikiombea wageni."

Nikaiwasha. Majiko yote mawili yakashika, nikaongeza na birika la chai upande ule ule. Hakuna kilichozima. Jamani, nilicheza peke yangu gereji. Wenye sola mtanielewa.

Mezani, baba wa kijana akaanza kuombea chakula, akasita.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

Mama mkwe hakufumbua macho.

"Huyo ni wa nyumbani. Endelea kuomba."