Mguu wa Aliyekata Majani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti za mpira za mwanamume, nikaambiwa nisokote magazeti nijaze mbele ya vidole. Ilikuwa machinjio ya mjini Arusha, asubuhi ya baridi, na Mkaguzi Mkuu wa Nyama alikuwa mlangoni ananisubiri na koti lake jeupe. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado.

"Afadhali," akasema. "Kitakachotoka kitakuwa kidogo."

Hakikutoka kitu. Mimi nimezaliwa Marangu, na kwetu mbuzi akichinjwa watoto ndio wanaoshika miguu. Kilichonishinda siku ile ni buti. Kufika mchana nilikuwa natembea kama bata, na wachunaji walicheka mpaka wakaacha visu.

Kazi yenyewe ni hivi, kwa ninyi vijana mnaoiona nyama ikiwa tayari kwenye mizani. Mnyama anakaguliwa kwanza akiwa hai. Unamtazama anavyotembea, unafungua kinywa chake, unainua mguu na kuangalia katikati ya kwato. Akishachinjwa na kuchunwa, unapasua tezi za shingo kutafuta kifua kikuu, unakata misuli ya shavu kutafuta vipunje vya tegu, unalifinya ini uone kama kuna minyoo. Kisu kinatumbukizwa kwenye maji ya moto kabla ya kumgusa mnyama mwingine. Ukiridhika unapiga muhuri wa wino wa zambarau pajani na begani. Wachinjaji waliniita Mama Muhuri kabla sijapata mtoto hata mmoja, na jina likaganda.

Mkaguzi Mkuu alikuwa na neno moja ambalo nililichukua nikaondoka nalo. Nilimwambia siku hiyo kwamba ng'ombe fulani alikuwa mzuri. Akaweka kisu chini.

"Binti, usiniambie ni mzuri wala mbaya. Niambie umeona nini."

Nilimchukia kwa mwaka mzima. Baadaye nikawa nalisema hilohilo kwa wanafunzi wangu, nao bila shaka walinichukia.

Kituo changu cha pili kilikuwa magharibi ya Mlima Meru, kwa wafugaji. Huko nilijifunza kukagua nyama chini ya jua na kuvumilia wazee waliomwuliza dereva wangu mganga wa mifugo yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na kisu mkononi. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, nikazoea. Kisha nikahamishiwa Maji ya Chai, na hapo ndipo nilipofanya kazi ninayotaka kuwasimulia.

Maji ya Chai palikuwa na karo, yaani sakafu ya saruji ya kuchinjia yenye paa la bati na ndoano chache. Aliyelisimamia alikuwa Mzee Elifuraha, Mmeru, mchinjaji aliyewapatia nyama wenye mabucha wote wa pale barabarani hadi karibu na Tengeru. Alikuwa mwembamba, mchapakazi, Mlutheri wa mstari wa mbele kanisani, na mbishi. Sitalipamba karo lake. Maji yalibebwa kwa madumu, saruji ilikuwa na nyufa, nzi walikuwa ndio wenye nyumba. Kila wiki nilimwambia, naye kila wiki alinijibu, "Nimekusikia, mama," kisha akaendelea kunoa.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalijaa vitu, mashirika ya umma yakaanza kupata wenyewe wapya, na pembezoni mwa mji kiwanda cha nyama kilichokuwa kimelala kikachukuliwa na kampuni binafsi. Nilipangiwa kukagua huko pia, siku mbili kwa wiki. Niseme ukweli, nilikipenda. Maji ya moto yalitoka bombani. Ng'ombe aliinuliwa kwenye reli ya juu, akasogea kutoka mtu hadi mtu: huyu anakata miguu, huyu anachuna, huyu anatoa matumbo, mpaka chumba cha baridi. Miguu ilikwenda kwenye pipa lake, vichwa kwenye toroli lake. Hakuna nzi aliyethubutu.

Meneja wa kiwanda alikuwa kijana aliyesoma, mpole, mwenye tai hata Jumamosi. Hoja yake kwa serikali ilikuwa moja: kiwanda kina uwezo wa kulisha mji mzima, basi makaro yote madogo yafungwe na kila bucha lichukue nyama kwake. Afisa Mifugo wa Wilaya, bosi wangu, alikuwa anaelekea kukubali. Aliniambia nijiandae kutoa maoni yangu kuhusu karo la Maji ya Chai, kwa kuwa nililijua kuliko yeye.

Nilimweleza Mzee Elifuraha, maana sikutaka alisikie kwa wengine. Alifuta kisu kwenye aproni.

"Dua la kuku halimpati mwewe," akasema. "Wakifunga hapa, mimi nitakwenda kuchunga nini? Na hawa wenye mabucha watauza karanga?"

Na kama maoni yangu yangetakiwa wiki ile, nadhani ningesema lifungwe.

Hayakutakiwa wiki ile, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo uliingia tambarare. Ni ugonjwa wa malengelenge: yanatoka ulimini na katikati ya kwato, ng'ombe anadondosha mate, anachechemea, na unasambaa kuliko uvumi. Karantini ikatangazwa. Minada yote ya tambarare ikafungwa na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuvuka barabara. Kiwanda kilikuwa kinategemea malori ya kutoka minadani. Nilipokwenda siku yangu ya zamu nilikuta reli tupu, ndoano zinang'aa, na wafanyakazi wamekaa juu ya kreti wanacheza drafti. Wengi walikuwa wameshaambiwa wakapumzike nyumbani bila mshahara.

Karo la Mzee Elifuraha halikusimama hata siku moja. Yeye alipanda mlimani.

Kwenye miteremko ya Meru, ng'ombe hachungwi. Anakaa bandani nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mmoja au wawili kwa kila boma, analetewa majani na maji. Hao hawakuwa wamekutana na wa tambarare, na eneo lao lilikuwa nje ya karantini, hivyo kwa kibali waliweza kuchinjwa. Lakini kumtoa ng'ombe wa bandani si sawa na kununua mnadani. Mzee Elifuraha alinieleza siku nilipomwona anafunga mguu wa mbele wa ng'ombe kwa kipande cha kamba, ngozi na manyoya yake vikiwa palepale.

"Huu unarudi kwa mama," akasema.

"Mama gani?"

"Aliyemkatia majani. Ng'ombe ni wa baba, na baba anapokea bei yake. Lakini aliyebeba majani kichwani miaka yote hiyo ni mama. Yeye anarudishiwa mguu wa kulia wa mbele, na kamba ileile aliyotokea nayo bandani. Anaubabua mwenyewe, anapika supu. Asipoupata, safari ijayo hata baba akikubali, mama atasema ng'ombe ana mimba, na mwenye mimba hachinjwi."

Mimi Mchaga nisiyeshangazwa na mafungu ya nyama, maana kwetu kila ndugu ana kipande chake, nilishangaa kidogo. Lakini kilichonigusa kwanza ni kazi. Tuko kwenye ugonjwa wa kwato, na huyu mzee anasambaza kwato mlima mzima. Nilimzuia palepale. Alinitazama kwa huruma.

"Basi hakuna ng'ombe, mama. Na huko mjini watakula mchicha."

Nilikwenda kwa Afisa Mifugo. Tulibishana, tukafikia hivi: kila mguu niukague katikati ya kwato kwa mkono wangu, kisha urudi kwenye boma ulikotoka tu. Usiingie boma lingine kabisa. Mzee Elifuraha aliposikia sharti hilo akacheka, kwa kuwa ndivyo alivyofanya siku zote. Kila ng'ombe alifika na kamba yake, akachinjwa peke yake, kipande cha kamba kikafungwa mguuni kabla ya kisu kugusa ngozi, na mzee mwenyewe akaupeleka.

Kiwandani walisikia kwamba mlimani kuna ng'ombe. Meneja akatuma wanunuzi na lori, wakiwa na bei nzuri kuliko ya Mzee Elifuraha. Walirudi mikono mitupu mara ya kwanza. Kila boma ng'ombe alikuwa na mimba. Mtu akawanong'oneza habari ya mguu. Meneja, ambaye hakuwa mjinga, akaagiza kinamama waahidiwe miguu. Wakaahidiwa, wakatoa ng'ombe, lori likashuka limejaa. Siku ile reli ilitembea tena na wafanyakazi walikuwa wanaimba. Mimi nilikagua kila mnyama, akiwa hai na baada ya kuchinjwa, na wote walikuwa salama. Kamba zao zilitupwa kwenye pipa getini, na miguu, kama ilivyokuwa desturi ya kiwanda, ikaenda pamoja kwenye pipa lake.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu tena kiwandani. Nilikuwa ofisini kwa Meneja namwuliza miguu ilikwenda wapi, wakati Mama Anaeli alipoingia. Ni mama wa makamo kutoka juu ya Maji ya Chai, amejifunga kitenge cha kanisani, na mkononi ana mfuko wa kiroba. Alisalimia vizuri. Akatoa mguu wa ng'ombe, akauweka juu ya meza ya Meneja, kwenye kioo.

"Huyu si wangu," akasema.

Meneja akauliza ana maana gani.

"Wangu alikuwa mwekundu, na mguu huu alikuwa na soksi nyeupe mpaka gotini. Huu ni mweusi. Nimemlisha mimi. Jirani yangu, aliyetoa ng'ombe wawili, naye ameletewa miguu miwili ya kushoto. Tena sijui huyu ametoka boma gani, na mliniletea mpaka jikoni, ng'ombe wangu mdogo yuko pale nyuma."

"Mama, samahani," Meneja akasema taratibu, "lakini mguu ni mguu. Supu ni ileile."

Mama Anaeli alimwangalia kuanzia tai kushuka chini.

"Kama mguu ni mguu, baba, nipe wa kwako niende nao."

Nilikohoa ili nisicheke. Kisha nikaacha kutaka kucheka, kwa sababu niliuinua ule mguu, nikafungua katikati ya kwato, na nikagundua kwamba sina namna ya kujua umetoka wapi. Ulikuwa safi. Lakini ungekuwa mgonjwa, tungekuwa tumeupeleka ugonjwa kwenye banda la Mama Anaeli kwa gari la kampuni. Niliogopa kwelikweli. Nilitumia siku mbili kupita maboma yote yaliyopokea miguu, nikitazama vinywa vya ng'ombe waliobaki. Mungu alisaidia, hakuna aliyeugua. Mlima, hata hivyo, ulishajifunga. Lori lilipopanda tena lilikuta mimba tupu.

Afisa Mifugo akaniita. Meneja alikuwepo, na mezani kulikuwa na pendekezo la kufunga makaro.

"Mama, wewe unayajua machinjio yote mawili," Afisa akasema. "Lipi ni bora?"

Nikamkumbuka yule Mkaguzi Mkuu wa koti jeupe.

"Sijui lipi ni bora, mheshimiwa. Nitasema nilichoona. Kiwandani nimeona usafi ambao Maji ya Chai haujafika. Na nimeona kwamba mnyama akishafika kwenye reli, hakuna anayeweza kusema ametoka kwa nani. Maji ya Chai nimeona nzi, na nimeona kila mguu unarudi kwa mwenyewe. Wakati wa ugonjwa, mimi nahitaji kujua ametoka kwa nani."

Meneja hakubisha. Aliuliza kama Mzee Elifuraha angekubali kumchinjia nyama ya hospitali na shule alizokuwa ameahidi. Ilikuwa vigumu kwake kuuliza hivyo, na nilimheshimu kwa hilo. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba kampuni imvutie bomba la maji. Likavutwa. Nyufa zikazibwa. Nami nikapata kwa karantini nilichoshindwa kukipata kwa kusema kila wiki. Karo halikufungwa.

Karantini ilipoisha, malori yalirudi na kiwanda kikaendelea na mambo yake. Nilihamishwa tena mara kadhaa, nikawa Mkaguzi Mkuu mwenyewe, nikawapa wasichana wengine buti, za saizi yao. Mzee Elifuraha alifariki kabla sijastaafu. Karo sasa analiendesha binti yake, Nderumaki, ambaye ni mbishi kuliko baba.

Vijana huniuliza kama napewa nyama ya bure. Sipewi. Nilipostaafu nilijenga Maji ya Chai, nikafuga ng'ombe mmoja bandani, mweusi mwenye alama nyeupe juu ya kwato. Nilimkatia majani mwenyewe mpaka mgongo ulipokataa. Mwaka huu alizeeka, nami pia, na mmoja wetu alipaswa kupumzika. Nderumaki alikuja kumchukua. Sikwenda karoni. Nimesimama kwenye sakafu ile miaka mingi bila moyo kushtuka, lakini siku ile niliona nina kazi nyingi za kufagia uani.

Jioni Nderumaki alipita getini. "Shikamoo, Mama Muhuri. Wako huu hapa."

Niliupokea. Mikono ikafanya ilichozoea: nikatanua kwato, nikatazama katikati. Safi. Kisha nikafanya ambalo kazini sikuwahi kulifanya. Nikageuza mguu kwenye mwanga, nikaitafuta ile alama nyeupe. Ilikuwepo, na juu yake kipande cha kamba yangu ya katani, na fundo nililofunga mwenyewe.

"Ndiye?" Nderumaki akauliza.

"Ndiye," nikamwambia, nikaenda kuwasha moto.