Sindano ya Mjomba

Leo nimerowesha ngozi ili nishone ala ya kisu, na harufu yake, ngozi na nta, imenirudisha nyumbani kwetu Matrah, kwenye mkeka wa mjomba.

Mjomba alipenda kutengeneza visu vya Waviking, mabaharia wa kale wa nchi za baridi. Bibi, mama yake, hakuacha kumtania: "Ukutani lipo jambia la baba yako, wewe wahangaika na visu vya watu wa barafu!"

"Jambia la kuvaa harusini, mama. Hivi vya kuotea ndoto," alijibu, nami nikacheka mpaka nikalala chali.

Siku hiyo alikuwa akishona ala huku akipiga soga. Nikaona doa jekundu linatambaa kwenye ngozi. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni, naye anaendelea kuzungumza.

"Mjomba, damu!"

Akatazama, akashangaa. "Ah! Wala sikuhisi."

Bibi akaacha kucheka. Babu naye, sukari ilimwanza kwa ganzi hivyo hivyo, kabla hajakatwa mguu. Bibi akaichukua sindano, akamwambia mwanawe afumbe macho, akamchoma kidole kingine.

"Hii jee?"

Mjomba akangoja kidogo, macho kayafumba, anatabasamu.

"Haya basi, mama, nchome."