Mihogo Niliyoitoa Majini Kabla ya Siku Zake

Admin wa ukurasa huu, naomba jina langu ubaki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, naishi Lubumbashi, nina watoto wanne na mume anayesifia chakula changu mbele za watu. Jambo hili nimelibeba tangu mwisho wa miaka ya tisini, na wiki hii limenirudia kupitia simu, katika kundi letu la kina mama wapishi.

Kundi lenyewe ni la maneno mepesi. Mmoja ameunguza sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu ya kuchati, mwingine mume wake amekataa bukari ya jana, ugali wetu, tunataniana na siku inaisha. Juzi mama mmoja akaandika kwamba mihogo michungu yeye huilowesha siku mbili tu, na mambo ya siku nne ni ya mabibi wasio na kazi. Watu wakammwagia alama za moyo. Nilikuwa nakoroga uji. Nilizima jiko, nikakaa chini.

Vita vilipoanza tena Kongo nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilivuka Ziwa Mweru pamoja na dada yangu mkubwa na binti yake wa miaka mitano, tukafikia Nchelenge, upande wa Zambia. Shemeji alibaki ng'ambo na hatukumwona tena. Jirani yetu, mama wa Kibemba tuliyemwita Bana Mutale, alitukatia mistari ya mihogo shambani kwake tujichimbie. Sisi watu wa mjini tulizoea bukari ya mahindi, muhogo mchungu hatukuujua. Akanifundisha kwa mikono yake: unamenya, unazamisha pembeni mwa ziwa, unaweka mawe juu, siku nne. Kidole kikiingia bila kulazimisha, ndipo unatoa, unaanika, unatwanga.

Dada alikuwa akiwalimia watu kutwa, kwa hiyo kazi ya unga ikawa yangu. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae, hakuna hata chisense, wale dagaa wadogo. Asubuhi bukari na majani, jioni vilevile. Mtoto analia njaa, na kule majini watu walikuwa wanaibiana mihogo. Nikaanza kutoa siku ya pili, ingali migumu. Dada akirudi anakuta chakula tayari, anawaambia majirani mdogo wake ana mikono ya haraka. Jamani, sifa ile niliipenda. Nikaendelea hivyo wiki baada ya wiki.

Siku moja Bana Mutale alipita, akaonja unga wangu kwenye kinu, akatema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini nilimwelewa vizuri kwamba mihogo haikukaa majini vya kutosha.

"Hii haikuiva mu mayi. Mukikula hii kila siku, miguu itakufa."

Nikamwitikia kwa heshima zote. Alipoondoka nikaendelea kutwanga.

Kabla mwezi haujaisha, mtoto aliamka asubuhi akashindwa kusimama. Miguu yote miwili ilikakamaa, ukimsimamisha anasimama kwa ncha za vidole kisha anaanguka. Tukampeleka kliniki. Bwana aliyetupokea akauliza tunakula nini, na mihogo tunailowesha siku ngapi. Dada akanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa naitoa majini.

"Mudogo yangu, njo wewe unatoshaka mihogo mu mayi. Siku ngapi?"

"Siku ine," nikasema.

Yule bwana akasema basi, kama ni nne, labda ni ugonjwa mwingine. Njiani dada, mtoto mgongoni, akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kumtamkia mtoto wake mabaya. Nikamwambia Bana Mutale alisema miguu itakufa. Yalikuwa maneno yake kweli. Sikusema aliyasema juu ya nini.

Dada akawasimulia majirani, na jioni ile watu walijaa uani kwa Bana Mutale. Walimwita mchawi, wakachoma jiko lake la nyasi, wakampa muda wa kuchukua sufuria na kitenge. Alininyooshea mimi kidole, akasema, "Huyu anajua." Nikatazama chini. Akaenda kwa ndugu zake huko Mununga, na tulisikia alifia huko kabla mvua nyingine hazijaanza. Mwanamke aliyetupa chakula. Nimezaa, nimebatizwa upya, nimefunga na kuomba, na kidole chake bado nakiona.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Anatembea kwa fimbo mbili, na katika kundi letu hakuna anayempita kwa kupika samaki. Dada alishafariki, kwa hiyo ndugu yake wa karibu ni mimi, ananiita mama mudogo. Chini ya maneno ya yule mama wa siku mbili, naye aliandika:

"Siku haziuake mutu. Sisi tulilowesha siku ine na miguu yangu ilikufa. Ile ilikuwa bulozi. Mama mudogo njo alikuwa anatosha ile mihogo, muulizeni."

Bulozi, yaani uchawi. Akaweka jina langu. Tangu hapo kina mama wanasema kumbe siku nne hazisaidii kitu, afadhali mbili, na wananisubiri mimi nithibitishe. Uongo wangu wa kliniki umekuwa somo la mapishi. Nimeandika jibu na kulifuta hadi simu ikaisha chaji.

Nikisema kweli, nitampoteza mtoto niliyeachiwa na dada, na anaweza kunilaani. Nikinyamaza, najua kitakachotokea katika nyumba ya mtu mwingine. Wenzangu mnaolisha watoto, nishaurini: niandike pale mbele ya wote, au niende kwanza nikapige magoti kwake? Lakini msikawie. Kuna mama kijana kundini, ana watoto wawili wadogo, ametuma picha ya mihogo yake. Ameizamisha jana, kesho anaitoa.