Somo la Nne la Nesi Eufrazia

Barua ya kurudisha mashine ya oksijeni mjini ilikuwa imeshapigwa muhuri, na gari la misheni lingeshuka Ijumaa. Mganga mfawidhi Kasimiri alikuwa ameamua: mashine ikiwashwa nusu saa inalia, oksijeni inapungua, basi ni mbovu.

Nesi Eufrazia hakuridhika. Mjini hospitali za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa kila mtaa, hadi Mwembesongo. Huku juu Uluguru zahanati ilikuwa moja, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewasindikiza kwa machela kushuka mjini watoto wengi wenye nimonia. Wengine hawakufika.

"Nipe mpaka Alhamisi, Mganga. Sijamaliza masomo ya kwenye kompyuta."

"Mama Eufrazia, somo litaponya chuma?"

"Lisipoponya chuma, litaniponya mimi ujinga."

Masomo hayo ya vifaa vya tiba yalikuja kwenye CD pamoja na kompyuta ya zahanati. Nesi kijana, Janeth, ndiye aliyemfundisha kushika kipanya.

"Usikibane hivyo, mama. Hakitakimbia."

"Nyamaza, mwanangu, nasoma."

Somo la nne lilikuwa na picha. Mishale ya buluu iliingia nyuma ya mashine, ikapita kwenye chujio, ikatokea mbele. Kumbe mashine haikuwa na oksijeni iliyohifadhiwa ndani. Ilivuta hewa ya chumbani na kuichuja. Likafuata swali: nyuma yake iachwe nafasi kiasi gani? Eufrazia akachagua "haihitajiki". Alama nyekundu ikatokea. Akainuka, akaenda wodini bila kufunga somo.

Mashine ilikuwa imegusa ukuta, imevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya zambarau, kimeshuka hadi sakafuni pande zote, kama redio ya sebuleni kwa watu wanaojiheshimu. Akina mama wa kigango cha kanisa walikifuma. Vipimo alivichukua Eufrazia mwenyewe.

Alikivua, akaivuta mashine shubiri mbili kutoka ukutani, akaosha chujio lililojaa vumbi, akalikausha na kulirudisha. Akawasha. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Haikulia, wala oksijeni haikupungua.

Akawaita Kasimiri na Janeth, akawaeleza.

"Nani aliifunika?"

"Mimi."

Janeth akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na mimi nilikisifia," Kasimiri akasema taratibu. "Haya, Ijumaa mashine haishuki."

"Ahsante. Sasa njoo kwenye kompyuta, Mganga. Hujafanya hata somo la kwanza."

Kasimiri akavuta kiti.