Niko Fiti, Daktari

Mtaani kwetu Lucky Summer, Nairobi, mtu akikuuliza "Niaje?" unajibu "Fiti." Hakuna anayesubiri zaidi ya hapo. Unaweza kuwa umefutwa kazi asubuhi hiyo, au unatoka mazishini, na bado utasema fiti, kwa kuwa hukuulizwa habari zako. Umesalimiwa tu. Nimelitumia jibu hilo tangu shule ya msingi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja lingeandikwa kwenye faili.

Nilijiunga na jeshi nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Miguu ndiyo iliyofanya nichaguliwe. Kila asubuhi nilikuwa nikikimbia kutoka nyumbani hadi Kiamaiko, penye machinjio, na kurudi, kabla malori ya mbuzi hayajajaza barabara, kwa hiyo siku ya kuandikishwa niliwaacha wasichana wote uwanjani. Kambini waliniweka mstari wa mbele. Wanawake tulitangulia tuweke mwendo, wanaume wakafuata. Mwaka wa tatu jina langu liliingia kwenye orodha ya kozi ya ukoplo.

Mwaka huohuo sajini wa stoo alinibaka. Ilikuwa saa tisa mchana na nilikuwa nimetumwa kubadilisha buti. Naandika kwa ufupi kwa sababu ndivyo ninavyokumbuka: saa, buti, mlango unafungwa nyuma yangu. Nilitoka na buti mpya, nikatia sahihi kwenye daftari. Zilikuwa za saizi yangu.

Sikumwambia mtu. Kombati, soksi, blanketi, kila nilichohitaji kilipitia mikononi mwake.

Athari zilionekana miguuni kwanza. Nikisikia buti nyuma yangu, pumzi ilikatika. Haikuwa kuchoka; ilikatika tu, kama maji ya mfereji. Nikatafuta namna. Nilikuwa ninalegeza mwendo, wananipita mmoja mmoja, mpaka nabaki wa mwisho kabisa, ambapo mgongoni kwangu hapana mtu. Huko nilipumua vizuri. Lakini jeshini nyuma ni mahali pa wavivu na wagonjwa, na mimi sikuwa nimeripoti ugonjwa wowote.

"Wewe wa Nairobi!" mwalimu wa mazoezi alipaza sauti. "Juzi ulikuwa swara, leo ni kobe wa nani?"

Wenzangu walicheka. Nilicheka pia. Nilishindwa jaribio la mbio la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Kilo zilipungua. Usingizi ulikuja kidogokidogo. Sikulia wala sikukasirika. Mambo haya niliyaona kama ya mtu ninayemwandikia ripoti.

Walinipeleka kwa daktari wa kambi. Alikuwa na kalamu mkononi na hakuinua macho.

"Uko fiti?"

"Niko fiti, daktari."

Akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kupimwa presha. Nilikuwa katikati ya uwanja, narudi bwenini, nilipong'amua kwamba lile lilikuwa swali. Sikurudi.

Baada ya hapo kila karatasi ilifuata ile ya kwanza. Ikiwa mwili hauna kasoro, basi tatizo ni nidhamu. Jina langu likaondolewa kwenye kozi. Nikapewa onyo, kisha onyo lingine. Mwishowe ikaja barua: nifike mbele ya bodi nieleze kwa nini nisiachishwe kazi kwa kutofaa. Nilipewa likizo ya wiki mbili nijiandae.

Nilishuka matatu pale steji ya mtaani na begi langu. Mwendesha boda mmoja tuliyesoma naye alinitambua.

"Afande! Niaje?"

"Fiti."

"Mbona umekonda hivyo? Huko mnakula risasi?"

"Tunakula watu wa boda."

"Basi mnichune ngozi kwanza, mimi ni mbuzi wa Kiamaiko!"

Nilifika nyumbani. Mama yangu huuza makoti ya mitumba sokoni Gikomba, na Jumapili alasiri hubadilisha zipu zilizoharibika ili Jumatatu yawe tayari. Yeye ni Mkamba, na mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita mwaitu, yaani mama. Jumapili hiyo nilikuwa nikimfumulia zipu kuukuu na wembe, naye akishona mpya. Tulimaliza makoti manne hivyo.

"Mwaitu, uko aje?"

"Niko fiti, mama."

Akachomeka sindano kwenye koti.

"Hiyo ni ya steji. Tumetoka kanisani pamoja, tumekula pamoja, sasa nikusalimie ya nini? Nimekuuliza."

Nilimwambia. Nilimpa kwa mpangilio: stoo, saa tisa, mbio, daktari, barua. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya koti.

"Huyo mtu bado yuko kazini?"

"Yuko."

"Na daktari hajui?"

"Aliniuliza kama niko fiti. Nikasema niko."

"Ai, mwaitu," akasema. "Ulimsalimia daktari."

Alichukua sindano, akashona kidogo, akaacha.

"Ukinyamaza, wataandika nini?"

"Kwamba siwezi kukimbia. Sifai."

"Na ukisema?"

"Sijui. Sijui mtu aliyesema."

"Basi sema. Wakikufukuza, wakufukuze wakijua."

Bodi ilikuwa ya wanaume watatu na daktari mmoja mwanamke. Mwenyekiti alifungua faili langu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa ulimwambia daktari uko fiti."

"Ndiyo, afande. Kwetu hilo ni jibu la salamu."

Mmoja wao alitabasamu, kisha akaacha. Nikaeleza yaliyobaki kwa mpangilio uleule niliompa mama. Sauti yangu ilikuwa sawa muda wote, na niliona jambo hilo haliwapendezi. Nadhani walitarajia machozi.

"Buti ulizitilia sahihi," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo, afande."

"Baada ya hayo?"

"Baada ya hayo."

Daktari yule mwanamke aliuliza swali moja tu: kwa nini ninakimbia nyuma. Nilipojibu, aliandika kwa muda mrefu, ukurasa ukajaa akageuza.

Barua ya uamuzi ilikuwa na aya tatu. Tuhuma zangu zimekabidhiwa wachunguzi. Sajini amehamishiwa kambi nyingine wakati uchunguzi ukiendelea; cheo chake hakikutajwa. Mimi sitaachishwa kazi, ila nimeshushwa daraja la afya: hakuna silaha, hakuna kazi za nje. Walio katika daraja hilo hawaendi kozi ya ukoplo.

Nilimpigia mama, nikamsomea.

"Kwa hiyo umebaki?"

"Nimebaki."

"Na kukimbia?"

"Hakuna kukimbia."

Nilisikia wateja wakimuuliza bei, naye hawajibu. Nadhani alikuwa hajui anipe pongezi au pole. Mimi pia sikujua ningepokea ipi.

Jumatatu niliripoti ofisi ya kumbukumbu. Karani mzee alinionyesha dawati karibu na dirisha, akaniuliza kama najua kutumia kompyuta. Nikasema kidogo. Akaniletea mafaili ya likizo ya wanajeshi wa kikosi kizima, yaliyochanganyika, akaniambia niyapange kwa alfabeti. Nikavuta kiti, nikaanza kutafuta ya A.