Wananiita Bi Ardhi

Asalaam alaykum. Admin, jina langu lifiche vizuri tafadhali, maana Waswahili wa Muscat tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimezaliwa na kukulia Unguja, nimeolewa huku na Muomani ambaye wazee wake walihama Zanzibar miaka ya sitini. Tunaishi Khuwair ya Kusini, tuna watoto watatu, mume wangu anafanya kazi serikalini. Kiarabu changu ni cha dukani, nusu naelewa, nusu nakisia.

Kisa kimeanzia kwenye simu. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa napepeta mchele jikoni, nikamsikia mume wangu sebuleni anazungumza Kiarabu kwa sauti ya chini. Mtu asiye na jambo hanong'oni nyumbani kwake, nikatega sikio. Nikasikia, "Al-ardh li shakhsein bas?" Kisha, "Zein, zein. Al-hurma la tkhabbruha." Hilo la mwisho nalijua, maana yake mke msimwambie. Na ardh, nikasema moyoni, si ardhi hiyo? Ardhi ya watu wawili, na mke asijue! Mchele wote ukanimwagikia.

Wiki nzima nilipekua makabati, bahasha, hata mifuko ya kanzu zake. Sikuona hati yoyote. Mwisho nikaenda Mawaleh kwa mama mkwe, na hapo ndipo nilipoharibu. Wao waliacha shamba la mikarafuu Unguja, na mpaka leo ukitaja ardhi mbele ya yule bibi machozi yanamlenga. "Kanunua ardhi bila ya kunambia mie mamake?" akasema. "Na hao watu wawili nani?"

"Mama, mie nna wasiwasi kaoa," nikamwambia.

Ijumaa tumekaa kwenye sinia, ukoo mzima, mama mkwe akamuuliza mwanawe waziwazi. Mume wangu akaniangalia, halafu akacheka mpaka akapaliwa na wali. Akatoa simu yake. Kumbe kuna hoteli ya mahema huko jangwani, mwendo wa saa tatu kwa gari, imemtumia ofa ya nusu bei kwa watu wawili, na yeye alitaka kunishtukiza. Ofa kwa Kiarabu nayo ni ardh, ila kwa ile herufi ya kooni inayotushinda sisi tuliokulia Unguja. "Khaa! Mke wangu kasikia ofa, kadhani kiwanja!" Watu walivunjika mbavu. Tangu siku ile naitwa Bi Ardhi, hata na wifi yangu mdogo. Niliona haya, nikamwomba radhi, nikapaka hina, tukaondoka.

Njiani nikamuuliza, "Huko kuzuri?" Akajibu, "Wallahi sijui, hata mie sijawahi kufika." Yashikeni maneno hayo.

Tulipofika, yeye akaenda kuegesha gari, mimi nikatangulia mapokezi. Msichana wa pale Mkenya, aliponisikia nazungumza Kiswahili alifurahi kama kaona ndugu yake. Nikampa jina la mume wangu, akatazama kompyuta. "Karibuni tena, mama! Hii ofa tunawatumia tu wageni wenye wamewahi kukaa kwetu. Na tumewawekea hema lile lile la mwisho, lile mlipenda."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuja hapa," nikamwambia.

Uso ukambadilika. Akatazama tena kompyuta, akamwona mume wangu anaingia na mabegi. "Pole mama, nitakuwa nimechanganya na wageni wengine." Baada ya hapo hakuniangalia tena machoni.

Hema lenyewe zuri, nisiwe mwongo. Mazulia, kahawa na tende, mchanga mpaka macho yanachoka. Lakini choo chake kiko nyuma, mlango umefichwa na pazia, mgeni hawezi kuujua bila kuonyeshwa. Mume wangu aliweka begi chini, akalisogeza lile pazia, akaingia. Roho yangu ilikufa pale pale.

Alipotoka nikamuuliza. Kwanza akasema yule msichana kakosea. Halafu, kahawa haijapoa, akakumbuka kumbe alishawahi kuja, na watu wa ofisini, kwenye semina.

"Kasema mlipenda. Hakusema ulipenda," nikamwambia.

Akacheka. "Si nimekwambia tulikuja wengi? Na wale watu wa bara, umoja na wingi kwao sawasawa. Juzi ardhi, leo herufi moja! Bi Ardhi, utaivunja nyumba yako kwa maneno." Watu wa ofisini, jamani, na hema lina kitanda kimoja.

Hii ni wiki ya tatu tumerudi. Amekuwa mwema kupita kiasi, ananiletea mpaka halwa bila kuombwa, na kila kipande nakitafuna kwa shaka. Kwa mama mkwe siwezi kurudi, watacheka hata kabla sijamaliza salamu. Kesi yangu niliiharibu mwenyewe siku ile kwenye sinia. Ila asubuhi ya kuondoka yule msichana alinipenyezea karatasi yenye namba yake, akasema tu, "Mama, ukitaka kuuliza kitu." Nimeificha ndani ya pipa la mchele. Naogopa nikipiga atapoteza kazi yake, na naogopa zaidi kwamba nikishajua itabidi niamue.

Ndugu zangu, nipeni akili zenu, nipige ile namba au niichane? Na nyinyi mnaotoka Kenya mnaosoma hapa, naomba mniambie ukweli, msinionee huruma. Kwenu, mtu aliyelala hemani peke yake anaweza kuambiwa "mlipenda"?