Mgeni Aliyepima Sakafu ya Marehemu Dooronov

Saa mbili asubuhi, Anarkan Toktosunova anafagia majani ya mitufaha kwenye baraza la nyumba ya shamba ya Sarybai Dooronov, waziri mkuu wa zamani wa Kirigizistani. Mkono unafagia, macho yako getini. Ni Jumamosi ya Oktoba, siku ya wageni.

“Mgeni anayetazama picha simfuati,” anasema. “Anayetazama makufuli, huyo ni wangu.”

Ana miaka hamsini na saba. Kwa mshahara wa som elfu kumi na nne kwa mwezi yeye ni mfagizi, mlinzi na mwongozaji wa makumbusho haya ya bondeni Kara-Alma. Zamani, majirani wanasema, alikuwa mcheshi, akimpokea kila mtu kwa chai na mkate.

Miaka saba iliyopita walikuja wanaume wawili na barua yenye muhuri. Walidai wametumwa kuchukua zulia la chumba cha kulia, la sufu iliyogandamizwa, likakarabatiwe Bishkek, mji mkuu. Anarkan akatia saini. Zulia halikurudi, na ofisi ya makumbusho huko ikasema haiwajui watu hao.

“Polisi walinihoji mara tatu, wakaniachia. Kijiji hakikuniachia. Harusini nikikaa, jirani yangu anavuta mkoba wake mapajani.”

Saa nne anaingia mzee mwenye kofia nadhifu. Hasomi chochote ukutani. Katika chumba cha kulia anapiga magoti na kupima sakafu kwa shubiri, pale ambapo mbao zina rangi tofauti.

“Kaka, picha ziko ukutani,” Anarkan anamwambia kutoka mlangoni. “Huko chini umeangusha nini?”

“Natazama tu, dada.”

“Unatazama kwa vidole?”

Mzee anainuka taratibu, akipangusa magoti. “Na wewe, wale watu walikupa kiasi gani?”

Anarkan anafunga mlango na kuuegemea. “Hutoki hapa mpaka useme umewajuaje.”

Mzee ni Mayrambek Osmonaliev, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Naryn. Alinunua zulia kwa mchuuzi mjini, aliyesema alilipata kwa wanaume wawili. Majira haya mkewe alipofumua bitana lililochakaa, walikuta kitambaa chenye namba 214 na jina la nyumba hii. Alikuja kimya kimya kumwona mwizi kwa macho yake. Aliamini ni mtunza funguo, yaani Anarkan.

Anarkan anatoa nakala ya ile barua, aliyoitunza ndani ya kopo la chai. Namba ya zulia humo ni 214. Saini yake ipo chini, na majina mawili ya uongo.

Mwalimu anaisoma mara mbili, kisha anavua kofia. “Nisamehe, dada. Nitalirudisha.”

“Hata wale walisema watalirudisha.”

Anarkan anapiga picha kitambulisho cha mwalimu. Anapiga picha gari lake, mbele na nyuma.

“Mke wangu je, humpigi picha?”

“Mlete na zulia, nitampiga.”

Siku tano zilizofuata Anarkan hakulala vizuri. Alipiga simu kila asubuhi. Mara mbili haikupokelewa, akawa na hakika ametapeliwa tena.

Alhamisi gari likaingia, mwalimu na mkewe wamelibeba zulia nyuma. Anarkan alikataa kutia saini ya kupokea kabla ya kuwaita wanawake watatu wa jirani, akiwemo yule wa mkoba. Walipolikunjua, akashika pembe moja, akapitisha kidole kwenye mishono.

“Hii ni kazi ya mama yangu,” akasema. “Alishonea hapa hapa, mimi nikiwa mgongoni.”

Yule wa mkoba akapiga magoti upande wa pili, akaanza kulinyoosha.

Wale wawili wenye muhuri hawajapatikana hadi leo. Anarkan ameipeleka barua polisi, safari hii akidai risiti ya kila ukurasa.

Mwakani anastaafu. Ana mpango mmoja: siku ya kwanza ya uhuru wake atavaa vizuri, akate tiketi ya som mia moja kama mgeni yeyote, aizunguke nyumba nzima na kusoma kila kilichoandikwa ukutani, maana kwa miaka yote hiyo alikuwa akiangalia watu.

“Ila huyo watakayempa funguo,” anasema, akitazama gari jingine linalosimama getini, “kwanza nitataka kujua kwao.”